Vani ya dizeli kwenye -35: jinsi ya kuiwasha asubuhi na isikuzimikie njiani

Kila ikifika Oktoba maswali yanaanza, na ni yale yale. Kaka nimenunua Mercedes Sprinter ya kubebea mizigo, naambiwa dizeli inaganda, ni kweli? Kweli inaganda. Basi mbona malori yanatembea? Yanatembea kwa sababu wenye malori wanajua kitu ambacho wewe hujaambiwa bado, ndio maana nimekaa leo niandike yote mahali pamoja, mtu akiuliza tena namtumia hii.

Mi niko Edmonton, Alberta, Canada, napiga mizigo na vani ya dizeli, na huku Januari kuamka ukakuta nyuzi -30 za Selsiasi sio habari ya kushangaza mtu. Naandikia baridi ya aina hiyo: Edmonton, Winnipeg, Saskatoon, Fargo, na ndugu zetu wa Finland na kaskazini ya Sweden nadhani watanielewa. Kama uko Vancouver au London kwenye mvua na -2, nusu ya haya hayakuhusu, lakini soma ile sehemu ya mafuta maana ipo siku utasafiri.

Kwanza hili la upepo, maana linachanganya wengi. Redio inasema "-29 lakini unahisi kama -41". Hiyo -41 ni ya ngozi yako wewe, sio ya gari. Upepo unaipoza gari haraka zaidi, ila hauwezi kuishusha chini ya baridi yenyewe. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya mafuta, oili na kulanti (ile dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande) tumia ile -29.

Kwa nini inaganda (fupi tu)

Unajua mafuta ya nazi, ukiwa Njombe au Makete mwezi wa saba asubuhi, unageuza chupa hakitoki kitu? Dizeli ni hivyo hivyo. Ndani yake kuna nta. Baridi ikizidi nta inaanza kuonekana kama ukungu, halafu inakuwa vipande vidogo vidogo, vile vipande vinaenda kuziba filta. Zingatia hapo, tenki linaweza kuwa bado lina mafuta yanayomwagika vizuri tu lakini filta imeshaziba, na injini inakufa kwa njaa wakati chakula kipo. Dizeli ya kiangazi inaweza kuanza mchezo huo kwenye -10 hivi au hata kabla. Dizeli ya baridi inachanganywa kiwandani ili ihimili baridi ya eneo lile inakouzwa, na neno muhimu hapo ni ENEO LILE.

Vitu vya kuwa navyo kabla theluji haijaanguka

- Hita ya bloku (ya umeme, inapasha injini ikiwa imezimwa) inayofanya kazi, na waya wake usiochubuka. Hii ndio ile plagi unayoona imening'inia mbele ya magari huku, wageni wengi wanadhani ni gari za umeme.
- Waya wa ekstensheni wa nje, mnene, wa geji 12 au 14. Ule mwembamba wa ndani wa kuchajia laptop usiuguse, unapata moto.
- Taima ya soketi ya nje.
- Filta mbili mpya za dizeli, moja inafungwa sasa hivi, ya pili inakaa kwenye gari pamoja na spana zake.
- Dawa ya dizeli ya kuzuia kuganda. Mi natumia Power Service, chupa nyeupe ni ya kinga, chupa nyekundu ile ya 911 ni ya dharura. Zisichanganywe kichwani, kazi zao ni tofauti.
- Betri nzima, waya za kubusti au kibustio cha kubeba mkononi (hicho kilale ndani na wewe, usikiache garini).
- Kipimo cha kulanti, kile cha dola chache chenye mpira wa kunyonya.
- Maji ya kioo yaliyoandikwa -40 au zaidi.
- Koleo, blanketi, mishumaa, taa ya kichwani, soksi za akiba.

Hatua zenyewe

1. Badilisha oili mwezi wa tisa au wa kumi. Ile namba iliyo kabla ya W ndio inasema oili inavyojiendesha kwenye baridi. 15W-40 uliyozoea kwenye Hiace nyumbani, huku kwenye -30 inakuwa kama uji wa jana. Weka 0W-30, au mwisho kabisa 5W-30, lakini hakikisha ina ile namba ya kiwango iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari yako. Kwa Sprinter nyingi ni MB 229.51 au 229.52, hizo ni oili zenye majivu kidogo kwa ajili ya kulinda filta ya masizi kwenye ekzosi. Usidanganywe na bei.

2. Badilisha filta ya dizeli, na kamua maji. Filta iliyochakaa nusu inaziba mara mbili haraka nta ikija. Na kama filta yako ina sehemu ya kutolea maji chini, yatoe, maana maji yanaganda kwenye 0 tu, hayasubiri hiyo -30 unayoiogopa.

3. Pima kulanti. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unakufikisha kama -37. Kwa Edmonton mi naweka asilimia 60 ya kulanti, inashuka mpaka -50 hivi. Usizidishe ukadhani ndio ulinzi zaidi, ukiweka kulanti tupu bila maji inaganda mapema kuliko iliyochanganywa, ajabu lakini ndivyo ilivyo. Na kama gari ilitoka kwa mtu aliyekuwa anaongeza maji ya bomba kila wiki, mwaga yote uanze upya.

4. Betri. Kwenye -18 betri inabaki na kama nusu ya nguvu yake, na wakati huo huo oili imekuwa nzito kwa hiyo selfu inahitaji nguvu zaidi. Betri ikizidi miaka minne au mitano ipeleke wakaipime kabla, maduka mengi ya spea wanapima bure. Kwenye Sprinter betri kubwa iko chini ya sakafu miguuni kwa dereva, usihangaike kuitafuta kwenye boneti, ila kwenye boneti kuna nguzo ya chanya ya kubustia. Jambo jingine, betri iliyojaa haigandi kirahisi, iliyokufa inaganda kama barafu ya friji. Ukikuta betri imevimba ubavu USIIBUSTI, inaweza kulipuka.

5. Jaribu hita ya bloku kabla hujaihitaji. Chomeka, simama karibu na boneti, subiri dakika moja au mbili. Utasikia sauti ndogo kama birika linaloanza kuchemka, tssss. Hiyo ndio sauti ya uzima. Usipoisikia, chomoa ukutani kwanza, halafu chukua mita upime ohm kwenye ile plagi ya gari. Kwa umeme wa huku wa volti 120, hita ya wati 400 inasoma kama 36, ya wati 1000 inasoma kama 14. Namba yako ikiwa humo katikati iko hai. Isiposoma kitu kabisa basi hita au waya umekatika, mara nyingi ni waya.

6. Weka taima, usichomeke usiku kucha. Saa tatu mpaka nne kabla ya kuondoka zinatosha, baada ya hapo injini haipati joto zaidi, unalipia hewa. Piga hesabu kama ya LUKU: hita ya wati 750 kwa saa nne ni uniti 3, kwa saa kumi ni uniti 7 na nusu, kila siku, miezi mitano. Kama unaondoka saa kumi na moja alfajiri, taima iwake saa saba usiku. Na uangalie soketi za parking za apatimenti, baadhi zinawaka na kuzima zenyewe kwa zamu ili kupunguza bili, ukiwa na hizo usiweke taima juu yake, acha tu usiku mzima.

   Kuhusu kusahau kuchomoa: kila mtu huku ameshaondoka na waya, na mimi nimo, niliburuza ekstensheni ya mita 8 mpaka kwenye mataa, watu wananipungia mkono mi nawapungia nikidhani ni majirani wazuri. Sasa hivi waya naupitisha juu ya kioo cha pembeni cha dereva, lazima niushike ndio nifungue mlango.

7. Mafuta. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndio wengi wanaumia.

   Vituo vya mji wako wenyewe vinabadilisha kwenda dizeli ya baridi bila wewe kuomba. Kama unajaza Edmonton, unatembea Edmonton, na tenki linazunguka kila wiki, huna shida kubwa. Shida ni watu wa aina mbili. Wa kwanza ni yule aliyepaki gari tangu Agosti, tenki limejaa dizeli ya kiangazi, anaikumbuka Desemba. Wa pili ni msafiri, na huyo ni mimi.

   Nilitoka Abbotsford, kule bonde la Fraser karibu na Vancouver, kulikuwa na mvua na +4. Nikajaza tenki pomoni kabla ya kuanza milima, nikajiona mjanja sina haja ya kusimama. Nikapita Hope, Kamloops, nikalala garini kidogo, nikaingia Jasper usiku. Kipimo kwenye dashibodi kinashuka tu, -19, -24, -31. Baada ya Hinton nikaona gari haivuti. Nakanyaga mpaka mwisho inakwenda 90, mara 60, mara 40, taa ya injini ikawaka, nikaiegesha pembeni ikafa karibu na Edson. Haikuwa imeharibika kitu. Ilikuwa na lita nyingi tu za dizeli ya pwani iliyochanganywa kwa ajili ya watu wanaovaa makoti mepesi. Fundi alipofungua filta ilikuwa imejaa kitu cheupe cha njano, laini, ungepaka mkate ungesema siagi. Ilikaa saa sita kwenye gereji yenye joto ikarudi kama kawaida, ila breakdown, filta na siku ya kazi vyote vilinitoka mfukoni.

   Kwa hiyo: ukitoka sehemu ya joto kwenda ya baridi, FIKA NA TENKI TUPU KIASI. Weka nusu kule, kisha jaza kwenye mji wa kwanza wa baridi wakati tenki bado halijaganda. Ukilazimika kujaza kule chini, mimina dawa ya chupa nyeupe kwanza ndio mafuta yafuate, yaichanganye. Dawa ya kinga inafanya kazi ikiingia kabla nta haijatokea, ikishatokea umechelewa. Fuata kipimo cha kwenye chupa. Na ukiwa mjini usishuke chini ya nusu tenki, hewa kwenye tenki tupu inatengeneza maji.

   Marekani kuna kitu kingine, dizeli yenye mafuta ya mimea. Minnesota kwa mfano kiangazi wanauza yenye asilimia 20, baridi wanashusha hadi 5, kwa sababu hiyo ya mimea inaganda mapema. Ukikuta pampu imeandikwa B20 ukiwa kwenye baridi, endelea na safari yako.

8. Kuwasha asubuhi. Chomoa waya. Zima redio, feni, taa, kila kitu. Geuza funguo mpaka dashibodi iwake bila kupiga selfu. Utaona taa ya njano ya kama springi iliyojikunja, hiyo ni hita plagi zinapasha mitungi. Subiri izime. Ikiwa chini ya -25, rudisha funguo, geuza tena, isubiri mara ya pili. Ndio upige selfu, sekunde kumi mpaka kumi na tano basi, isipowaka pumzika dakika nzima halafu rudia. Selfu inayong'ang'anizwa inaungua, na kuipata huku sio bei ya kule Gerezani Kariakoo.

9. Ikishawaka usikanyage mafuta. Iache dakika tatu hadi tano, futa vioo, kisha ondoka polepole. Usisubiri ipate moto ikiwa imesimama, dizeli ikiunguruma tu bila kukanyagwa mafuta haipati moto hata ukiiacha saa nzima, inachofanya ni kujaza masizi kwenye ekzosi. Kilomita tano za mwanzo endesha kama umebeba trei la mayai, maana gia, shoki na difu navyo vimeganda, na matairi yamekuwa bapa chini, utasikia dug dug dug, yatarudi duara yenyewe.

10. Angalau mara moja kwa wiki itoe barabara kuu nusu saa. Safari fupi fupi za dakika kumi ndio ugonjwa. Filta ya masizi haipati joto la kujisafisha, na unyevu unabaki ndani ya injini. Fungua kifuniko cha oili, ukiona ute kama maziwa yenye kahawa chini yake, huo ni unyevu, na ukiganda kwenye bomba la kupumulia injini presha itatafuta pa kutokea, mara nyingi inapitia kwenye sili.

Kuhusu kuziba grili na kadibodi au lile pazia la duka: inasaidia sana, hita ya ndani inapata moto haraka. Lakini usizibe yote, acha nafasi katikati, na ikipanda kufika -10 au ukiwa umebeba mzigo mzito mlimani itoe.

Handbreki usiivute usiku kama umepaki tambarare, inaweza kugandia. Weka P tu. Ukiwa kwenye mteremko weka na kabari.

Vitu vya kienyeji usivifanye

Usimwage petroli au mafuta ya taa kwenye dizeli. Najua mzee fulani atakwambia malori ya zamani yalikuwa yanafanya hivyo, ni kweli, lakini pampu za zamani sio hizi za presha kubwa, hizi zinalainishwa na dizeli yenyewe, ukiifanya nyepesi unazisaga. Vile vichupa vya spiriti vya kuondoa maji kwenye petroli pia sio vyako.

Usipulize ile spreyi ya kuwashia kwenye injini yenye hita plagi. Zikiwa nyekundu na ile gesi ikaingia, kinachofuata ni mlipuko ndani ya injini.

Usiwashe moto wala jiko chini ya tenki. Nimeona kwa macho yangu, mtu na jiko la gesi la kambi. Hapana jamani.

Usiiwashe ikapata moto ndani ya gereji iliyofungwa, hata mlango ukiwa wazi nusu. Moshi wa ekzosi unaua kimya kimya. Na kwa wanaolala kwenye vani zao na zile hita ndogo za dizeli, nunua kengele ya gesi ya kaboni monoksaidi, na bomba la moshi litoke nje kabisa, lisizibwe na theluji.

Ikigoma

*Selfu inasema tik tik tik au inazunguka kwa uvivu.* Betri. Busti, na acha gari ya mwenzio iungurume dakika kumi zikiwa zimeunganishwa kabla hujajaribu. Ikiwaka endesha, usiizime dukani.

*Selfu inazunguka vizuri, haiwaki, na ekzosi haitoi moshi wowote.* Mafuta hayafiki. Filta imeganda. Acha kupiga selfu, unaua betri bure.

*Inazunguka, moshi mweupe unatoka, haishiki.* Mafuta yanafika ila hayaungui, injini ni baridi mno au hita plagi moja mbili zimekufa. Chomeka hita saa nne, jaribu tena, halafu upeleke wakapime plagi.

*Inawaka dakika moja inazima.* Filta tena. Ilikuwa na mafuta kidogo yaliyobaki, yameisha.

*Taa ya DEF inawaka kwenye baridi.* Yale maji ya kusafisha moshi wa ekzosi, wengine mnayaita AdBlue, yanaganda kwenye -11 na hiyo ni kawaida, tenki lake lina hita yake. Endesha kwanza. Usiongeze maji ya moto wala kitu chochote humo. Wakati wa baridi usilijaze mpaka mdomoni maana yakiganda yanavimba.

*Ndani hakupati joto hata ukiwa barabarani.* Angalia kulanti imepungua, ikiwa sawa basi themostati imekwama wazi.

Sasa ikiwa imeganda kweli na uko nyumbani: mimina chupa nyekundu kwenye tenki kwa kipimo chake, funga filta mpya na uijaze mchanganyiko wa dizeli na hiyo dawa nusu kwa nusu, chomeka hita ya bloku, subiri, halafu jaribu. Ukiwa njiani, baki ndani ya gari. Usiondoke kwa miguu kutafuta msaada kwenye -30, hata taa za mji ukiziona karibu. Taa za hatari ziwake, kitambaa kwenye antena, mshumaa ndani ya kopo na kioo wazi kidole kimoja. Ukipiga simu ya breakdown waambie mapema kwamba ni dizeli imeganda na unataka ipelekwe ndani, kwenye gereji yenye joto. Usipolisema hilo wataishusha uani kwao, na kesho utaikuta vile vile ilivyokuwa.